Wimbo wa Watu Wengine: kisa cha filamu ya vijana wapenda metali, Nairobi

Usuli

Filamu yenyewe ni ya dakika 84. Ilitengenezwa Nairobi bila kampuni kubwa nyuma yake, kwa akiba ya mwongozaji, michango ya marafiki na ruzuku moja ndogo. Majina yote nimeyaondoa: ya waigizaji, ya mtaa, ya shule, ya bendi, hata la filamu. Mambo machache nimeyageuza ili watoto walioigiza wasitambulike, ila hakuna nililoligeuza linaloharibu mantiki ya kisa. Mimi nilisimamia kazi za baada ya kurekodi, yaani uhariri, sauti na rangi. Nawaandikia wanaojiandaa kutengeneza filamu yao ya kwanza, hasa ile ambayo muziki ndio roho yake.

Hadithi inawafuata wanafunzi watatu wa sekondari ya kutwa huko Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi. Msichana wa kidato cha pili anaachiwa simu kuukuu na kaka yake aliyesafiri, na ndani yake mna nyimbo za hevi metali, ule muziki wa gita zinazonguruma na dramu nzito. Rafiki yake mmoja ni mtoto wa fundi wa masanduku ya mabati Kamukunji, wa pili analelewa na nyanya mlokole. Wanaamua kuunda bendi. Jina la bendi wanalo, nembo wameshaichora nyuma ya daftari la Kemia, lakini gita hawana hata moja. Filamu inachukua muhula mmoja, tangu kufungua shule hadi tamasha la vipaji.

Anayedhani metali ni jambo la kupachikwa Nairobi hajawahi kuhudhuria maonyesho yake. Jiji hili limekuwa na bendi za mtindo huo kwa miaka mingi, na mwaka 2020 kundi la Duma, lililotokana na bendi hizo, lilitoa albamu kupitia kampuni ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikasikilizwa mbali sana na Afrika Mashariki. Hata hivyo mtoto wa shule akivaa tishati nyeusi yenye fuvu, mzazi hashtuki bure. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za kishetani nchini, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ikafika bungeni mwaka 1999. Waliokuwa shuleni miaka hiyo ndio wazazi na walimu wa leo. Wala hofu hiyo si ya Kenya peke yake. Nchini Morocco mwaka 2003 vijana 14, wanamuziki na mashabiki wa metali, walihukumiwa vifungo Casablanca wakihusishwa na ushetani, kabla ya mahakama ya rufaa kuwaachia wengi wao. Mtengenezaji filamu anayeingia humu bila kujua historia hiyo anaingia gizani.

Shule iliyofunga mlango

Tulihitaji shule kwa siku sita. Mtayarishaji aliandika barua kwa mwalimu mkuu akaieleza kazi yetu kuwa ni "filamu kuhusu vijana na muziki". Hakusema uongo. Neno metali hakuliandika kwa makusudi, kwa kuhofia barua isisomwe hadi mwisho. Ruhusa ikatoka haraka.

Siku tatu kabla ya kuanza, vijana wetu wa mapambo walipeleka masanduku ya vifaa. Mwalimu mmoja akafungua moja akakuta bango lenye fuvu na msalaba uliogeuzwa juu chini. Saa kumi alasiri ruhusa ikafutwa. Mtayarishaji alikwenda kuomba, na mwalimu mkuu akamwambia jambo ambalo sijalisahau: kwamba fuvu lile halikumtisha, kwa kuwa hata maabara ya Biolojia ina fuvu. Kilichomuuma ni kwamba bodi ya shule ingemuuliza, naye hakuwa na la kujibu kwa sababu hakuambiwa.

Tukapata shule nyingine ya kibinafsi mbali zaidi, kwa malipo. Siku sita zikawa nne. Matukio mawili ya darasani yalikufa pale pale.

Mama na karatasi za mashairi

Wakati huohuo jambo kama hilo lilikwenda njia tofauti kabisa. Msichana mwigizaji mkuu alikuwa na miaka 15. Kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo bila sahihi ya mzazi hatukuwa na filamu. Mama yake alitaka kujua mwanawe atasikilizishwa nini.

Mwongozaji alikaa usiku mzima akitafsiri mashairi ya nyimbo zilizotajwa kwenye mswada, akayachapisha kwa Kiswahili, akamfuata nyumbani. Alipoanza kumsomea, mama akanyoosha mkono. "Kijana wangu, usinisomee. Nipe nisome mwenyewe." Akavaa miwani, akachukua kalamu nyekundu ya mtoto, akasoma polepole kurasa nne. Alipiga mstari chini ya maneno mawili tu. Alipofika kwenye ubeti wa mtu anayelia kaburini bila wa kumsikia, alinyamaza, akavuta Biblia iliyokuwa chini ya runinga, akafungua Zaburi ya 88, akamgeuzia mwongozaji asome. Zaburi hiyo inaanza kwa kilio na kuishia gizani.

Aliyakubali kwa masharti matatu. Binti yake asivalishwe msalaba uliogeuzwa. Mazoezi yafanyike sebuleni kwake. Naye mwenyewe awepo kila siku ya kurekodi. Mwongozaji akakubali yote bila kujadiliana, ingawa la kwanza lilimaanisha kubadili mavazi yote. Tishati zilizonunuliwa zikawekwa kando. Watoto wakapaka zao kwa rangi ya ukuta, na nembo ikawa nyundo mbili zilizopishana. Hivi sasa siwezi kuiwazia filamu hii bila nyundo zile. Sharti la pili, la mazoezi kufanyika sebuleni, nitalirudia, kwa maana ndilo lililotuokoa.

Tukio la paani

Kitovu cha mswada kilikuwa wimbo mmoja wa bendi mashuhuri ya ng'ambo. Unasikika mara mbili: kwanza paani, watoto wanapousikia pamoja kwa mara ya kwanza, kisha kwenye tamasha, wanapoupiga wenyewe.

Tukio la paani lilirekodiwa jioni mbili, katikati ya kamba za nguo na matangi ya maji. Simu moja, spika za masikioni jozi moja, watoto watatu. Maana yake daima kuna mmoja anayesubiri zamu, akiwatazama wenzake wawili wakitikisa vichwa kwa kitu asichokisikia. Hilo liliandikwa vizuri sana, nami nililipenda tangu mswadani.

Mwongozaji alitaka nyuso za kweli. Akaweka spika kubwa nyuma ya tangi na kuufungulia wimbo kwa nguvu. Fundi wa sauti akapinga, akasema muziki utaingia kwenye maikrofoni za waigizaji na hautatoka tena. Akapendekeza njia mbili zinazotumika kila siku: kupiga sekunde chache za mwanzo kisha kuzima, waigizaji waendelee na mdundo kichwani, au kupiga ngurumo nzito ya chini peke yake, ambayo baadaye huchujwa bila kugusa sauti ya mtu. Mwongozaji alimsikiliza, akatazama jua likizama, akasema tuendelee hivyo hivyo. Nyuso alizipata. Sijaona watoto wakisikiliza muziki namna ile kwenye filamu yoyote ya kwetu.

Ruhusa ya wimbo hatukuwa nayo.

Hapa nieleze, kwa sababu wengi hukosea mahali hapahapa. Wimbo uliorekodiwa una haki mbili. Moja ni ya utunzi, yaani maneno na melodia, na mara nyingi husimamiwa na mchapishaji wa muziki. Nyingine ni ya rekodi yenyewe, ambayo kwa kawaida iko mikononi mwa kampuni iliyoitoa. Kuuweka wimbo ndani ya filamu kunahitaji idhini za pande zote mbili, na upande mmoja ukikataa, idhini ya mwingine haikusaidii kitu. Leseni ya kupiga muziki hadharani, kama wanayolipia wenye baa na hoteli, haihusiani na jambo hili. Na ile imani kwamba sekunde 30 ni bure haimo katika sheria yoyote ninayoijua.

Miezi mitatu kabla ya kurekodi mtayarishaji alikuwa ameandika barua pepe mbili. Hazikujibiwa. Kimya kile tukakichukua kuwa ni "subirini".

Jibu

Jibu la mchapishaji lilifika tukiwa tayari kwenye toleo la tatu la uhariri. Lilikuwa la heshima na lilieleweka. Walitaka kiasi kilichozidi fedha zote tulizotenga kwa kazi za baada ya kurekodi, kwa ajili ya matamasha ya filamu tu, kwa mwaka mmoja. Kampuni ya rekodi haikujibu kabisa.

Nilidhani ni suala la kuutoa wimbo mmoja na kuingiza mwingine. Nilipofungua faili za sauti za paani nikaelewa uzito wa maneno ya fundi wetu. Wimbo ulikuwa ndani ya kila sentensi. Mtoto akisema "subiri, inakuja", nyuma ya neno "inakuja" gita la watu linanguruma. Katika tukio zima mistari 11 ya mazungumzo ilikuwa imechafuka hivyo.

Dawa ya kawaida ni kumwita mwigizaji studioni arudie maneno yake huku akijitazama. Tukawaita. Miezi minane ilikuwa imepita. Mvulana aliyeigiza mtoto wa fundi wa masanduku, aliyekuwa na miaka 13 tulipoanza, alinisalimia mlangoni, nami nikajua kazi imeharibika kabla hajavua begi. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Tulijaribu mstari mmoja, akasikia mwenyewe, akatutazama kama aliyekosa. Nilimwambia hana kosa lolote, amekua tu, na filamu tunayoitengeneza ni ya jambo hilohilo.

Maamuzi na sababu zake

Tulikaa watu wanne, mezani pakiwa na njia tatu. Ya kwanza ni kukopa tulipe, huku tukiombea kampuni ya rekodi ijibu. Mtayarishaji aliikataa, na alikuwa sahihi: ukilipia nusu ya wimbo hujanunua kitu. Ya pili ni kununua wimbo wa bei nafuu kutoka maktaba za muziki mtandaoni. Tulijaribu miwili juu ya picha. Ilikuwa misafi mno, haikuwa na jasho, na mashabiki wa metali wangeitambua kwa sekunde kumi. Ya tatu, tuliyoichagua, ni kuiomba bendi ya metali ya hapahapa Nairobi itunge upya.

Ugumu wa njia hiyo ulikuwa vichwani mwa watoto, nasema hivyo kwa maana halisi. Walikuwa wametikisa vichwa kwa kasi ya midundo 168 kwa dakika, na kidevu cha msichana kinashuka hasa penye pigo. Wimbo mpya ulipaswa kwenda kasi ileile, ubadilike palepale, lakini usifanane na ule wa awali hata kwa kipande kimoja cha melodia, maana kuiga nako ni kesi. Kwa hiyo bendi hatukuwapa wimbo wa asili. Tuliwapa picha bila sauti na mlio wa kuhesabu kasi, basi. Tena tuliandika siku tuliyowapa na tulichowapa.

Mpiga dramu aliitazama picha mara mbili, kisha akauliza baba ya yule mvulana anafanya kazi gani kwenye hadithi. Alipoambiwa, Jumamosi iliyofuata akamchukua fundi wa sauti hadi Kamukunji. Aliyefika kule anajua: mafundi kwa mamia, nyundo juu ya bati kutwa nzima, karai, majiko, na yale masanduku ya bati ambayo kila mwanafunzi wa bweni Kenya amewahi kulikalia lake. Walirekodi mafundi wawili wakipiga sanduku moja kwa kupokezana, mmoja akinyoosha ukingo, mwingine akikunja kona. Mdundo huo ndio unaofungua wimbo. Gita linaingia chini yake, limelegezwa nyuzi hadi sauti iwe nzito. Inafaa kukumbuka kwamba sauti hiyo nzito ilitoka kiwandani tangu mwanzo: Tony Iommi, mpiga gita wa Black Sabbath, bendi ya Uingereza iliyo miongoni mwa waasisi wa metali, alikatwa ncha za vidole viwili kwenye kiwanda cha mabati huko Birmingham akiwa na miaka 17, na kulegeza nyuzi kulimsaidia vidole visiumie.

Mazungumzo yaliyochafuka yaliokolewa na sebule ya mama. Fundi wa sauti alikuwa na desturi ya kurekodi kila zoezi kwa kinasa kidogo, ili mwongozaji asikilize usiku. Faili hakuzifuta. Mle ndani mvulana alikuwa bado na sauti yake ya zamani, na hakuna muziki, ila sufuria ya maharagwe inayotokota jikoni. Tukapata mistari 7 kati ya 11, tukaisafisha. Minne iliyobaki tuliitoa. Paani sasa pana kimya kirefu kuliko mswada ulivyotaka, na mimi nakipenda kimya hicho.

Picha mbili ambazo mdomo wa msichana unaonekana ukiyaimba maneno ya zamani tulizikata, tukaweka mkono wa yule anayesubiri zamu, ukiuzungusha waya kidoleni.

Tukio la tamasha halikuwa na pa kuponea. Watoto walikuwa wameigiza kana kwamba wanapiga. Tukaamua kulirekodi upya kwa siku moja, na safari hii wapige kweli. Bendi iliwafundisha wikendi sita. Mpiga besi wetu aliweza noti tatu, nazo zikatosha.

Zoezini ndipo ilipozaliwa picha iliyokuja kuwa bango la filamu. Msichana alikuwa amenyolewa, kama shule zetu nyingi zinavyodai, na metali bila nywele za kutikisa alisema ni kama kucheza kandanda umekaa. Akavua sweta la shule, akalivaa kichwani, mikono yake miwili ikaning'inia mgongoni. Wasichana wote wamelifanya hilo utotoni wakicheza kuwa na nywele ndefu. Wimbo ulipoanza, mikono ile ya sweta ikaruka na kumpiga usoni kwa midundo 168. Hakuna mtu mzima kati yetu angeliwaza hilo.

Matokeo

Filamu ilichelewa miezi saba. Ilionyeshwa kwenye matamasha manne na kumbi mbili Nairobi. Haijarudisha gharama. Katika madaraja ya filamu yanayotumika nchini, yaani GE (watazamaji wote), PG (kwa mwongozo wa mzazi), 16 na 18 (umri wa chini wa mtazamaji), ilipangiwa 16, kwa sababu ya lugha na tukio la bangi tulilokataa kulitoa. Maana yake watoto wawili kati ya watatu hawakuruhusiwa kuingia kwenye onyesho la wazi la filamu yao wenyewe. Tuliwaandalia onyesho la faragha kwa idhini ya wazazi, nyumbani kwa mama yule, ukutani. Mwalimu mkuu wa shule ya kwanza tulimwalika kwa barua iliyoeleza kila kitu. Alikuja onyesho la pili, akakaa hadi mwisho, akaondoka bila kusema neno.

Uchambuzi

Wako wanaokisimulia kisa hiki kama bahati: wimbo tulioukosa ukatupatia wimbo bora. Siafiki. Wimbo mpya ni bora, ndiyo, lakini tulifika kwake kupitia mlango wa uharibifu, na mlango mwingine ulikuwa wazi tangu mwanzo. Mswada ulikuwa na fundi wa mabati katika ukurasa wa tatu. Kamukunji ilikuwepo. Bendi zilikuwepo. Swali la mpiga dramu lingeweza kuulizwa mwaka mmoja kabla, mezani, bila gharama. Hatukuuliza kwa sababu mwongozaji aliupenda wimbo ule tangu ujana wake, akaandika filamu kuuzunguka, nasi sote tukachukulia mapenzi yake kuwa mpango. Mapenzi hayo ndiyo yaliyoipa filamu ukweli, kwa hiyo silaumu mapenzi. Nalaumu kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza, kabla ya kamera kuwashwa, filamu hii itasimama vipi wimbo ukikosekana.

Uamuzi wa spika paani ni mgumu zaidi kuuhukumu. Nyuso zile zisingepatikana kwa ngurumo ya chini peke yake, na hilo fundi wa sauti mwenyewe sasa analikubali. Kosa naliona kwingine. Jioni zilikuwa mbili. Ya kwanza ingetosha kwa nyuso, na spika ikiwashwa. Ya pili ingekuwa ya mazungumzo, na spika ikizimwa. Tulikuwa na nafasi ya kupata vyote viwili tukajilazimisha kuchagua, kwa kuwa mabishano yalitokea jua likizama badala ya kutokea wiki moja kabla.

Shule na mama ni jambo moja lililofanywa kwa namna mbili. Hofu ilikuwa ileile, na kwa mama pengine ilikuwa kubwa zaidi, maana ni mwanawe. Aliyepewa karatasi zote akaweka masharti, na masharti yake yakatupa nembo ya nyundo na rekodi za sebuleni. Aliyefichwa neno moja hakuwa na nafasi ya kuweka sharti lolote, akabaki na uwezo wa kufunga mlango tu. Mtayarishaji bado anaamini kwamba barua yenye neno metali ingetupwa. Huenda. Basi tungejua miezi miwili mapema, na matukio mawili ya darasani yangekuwa hai.

Rekodi za mazoezi hazikuwa mpango wa mtu, zilikuwa desturi ya fundi mmoja makini. Tangu hapo sifanyi kazi na mwigizaji wa umri wa kubalehe bila kuagiza mazungumzo yake yote yarekodiwe peke yake, bila kamera, ndani ya wiki ileile anayoigiza. Hugharimu saa mbili kwa kila mtoto. Sauti ya mtoto haikusubiri.

Kuhusu bendi, tulikosea tena kosa lilelile tuliloteseka nalo. Tuliwaingiza studioni kabla ya kuandikiana. Mabishano ya nani atamiliki wimbo yalikula wiki sita, kazi ikiwa imesimama. Mwishowe tukakubaliana kwamba utunzi na rekodi vibaki vyao, filamu ipate leseni ya kudumu kwa nchi zote, nao wawe huru kuutoa wimbo kwa jina lao. Ni makubaliano mazuri, yangeandikwa kwa siku mbili kama tungeanza nayo. Nusu ya malipo walipewa siku ya kwanza. Nusu ya pili tulimaliza kuwalipa miezi 14 baada ya onyesho la kwanza, kidogo kidogo, watu ambao Jumamosi sita mfululizo walibeba gita zao kwenye matatu kwenda kuwafundisha watoto wetu noti tatu.